Mbao za Mvule za Bibi Keziya

Nakumbuka Jumamosi moja kule Junda, mwanangu, miaka michache kabla ya uhuru, nilipokuwa msichana wa kuposwa mwenye maneno mengi kuliko akili. Niliishi na bibi yangu mzaa baba, Bibi Keziya, katika nyumba ya udongo na makuti iliyotazamana na ua wa Bi Mwanahamisi. Kisauni wakati huo ilikuwa mashamba na minazi. Sisi watu wa kanisa na majirani zetu Waislamu tuliombana moto na chumvi, na Ramadhani ikiingia sahani zilivuka ua kila jioni.

Sasa lazima nikueleze habari ya kitanda changu, na usinicheke. Wazee wetu wa kanisa walikuwa na desturi ya mtu kujiwekea mbao za jeneza lake angali hai, ili siku ikifika watoto wasihangaike. Babu alikuwa seremala. Alipasua mvule mmoja, akazikwa kwa nusu yake, na nusu ya pili akamwachia mkewe. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, hivyo mbao za bibi zilipangwa juu ya matofali chumbani, likawekwa godoro la sufi, na mimi nikapewa hapo pawe mahali pangu pa kulala. Kwa hiyo ujana wangu wote nililala juu ya jeneza la bibi yangu, na nililala vizuri sana.

Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuliinua godoro, kuzipangusa mbao zile na kuzitazama kama mchwa hawajapanda. Bibi aliniapisha kabisa. Alisema watu watakuja kuazima, na nisikubali hata moja itoke, maana yeye alitaka kulala kama mumewe alivyolala. Nilimpenda bibi, nikala kiapo kwa moyo mmoja.

Basi siku hiyo nikiwa katika kupangusa, nikasikia Bi Mwanahamisi anapiga ukelele. Mwanawe Salimu, mtoto mdogo aliyekuwa hajui kutulia mahali, alikuwa ametumbukia katika kisima cha zamani nyuma ya nyumba yao. Kisima kile kiliachwa kwa sababu mdomo wake ulikuwa ukimeguka. Nilipofika niliinama kwa mbali nikamwona. Maji yalimfika kiunoni, amesimama juu ya tope, anamwita mama yake.

Bakari, kaka yake Mwanahamisi, alikuja mbio na kamba. Kazi yake ilikuwa kuchimba visima, na nilidhani sasa mambo yamekwisha. Lakini kila aliposogea ukingoni mchanga ulimiminika juu ya mtoto. Akarudi nyuma, jasho linamtiririka.

"Nikikanyaga hapa ukingo wote utamfukia," alisema. "Nataka mbao ndefu, ngumu, zivuke kutoka ng'ambo hadi ng'ambo nilalie juu yake. Mlango haufiki. Nani ana mbao?"

Mimi nilikuwa nazo. Nilinyamaza, mwanangu. Kiapo kilinishika ulimi, na hofu pia, maana kumtandazia mtoto aliye hai mbao za maiti juu ya kichwa niliona ni kumwita mauti kwa jina. Nikakimbia shambani kutafuta mti mwingine, nikarudi ninaburura gogo la mnazi. Bakari alilikanyaga likavunjika palepale, ndani lilikuwa unga mtupu. Kule chini mtoto alikuwa ameanza kuishiwa sauti.

Bibi alikuwa ameshafika na mkongojo wake.

"Rodha."

"Abee, bibi."

"Mbao zangu ziko wapi?"

"Ziko ndani, bibi. Lakini zile ni za..."

"Najua ni za nini. Zilete."

"Bibi, ni nuksi. Na uliniapisha."

Hakupandisha sauti. Bibi akikasirika alizungumza taratibu zaidi, na hapo ndipo ulipojua umepatikana.

"Nilikuapisha usizitoe watu wakajengee mabanda ya kuku. Sikukuapisha umwache mtoto wa wenzio afe ili mimi nizikwe vizuri. Nikifika mbele ya Mungu wangu akiniuliza habari ya Salimu nitasemaje? Nimwambie mbao zangu hazikuliwa na mchwa?"

Nilikwenda mbio, na wanaume wawili nyuma yangu. Godoro nililitupa huko. Mbao zilipolazwa juu ya kisima zilifika ng'ambo na kupita, na mvule ule haukulia hata kidogo Bakari alipolala kifudifudi juu yake. Mchanga ukatulia. Akafunga kamba kwenye mbao, akateremka, na sote tukabaki tunasikiliza. Kisha akapanda na Salimu mgongoni, mtoto ametapakaa tope mpaka kwenye kope. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba kopo lake limebaki chini na anataka arudishiwe. Tulicheka mpaka tukalia. Nikakaa mchangani. Sijawahi kuona raha kama ile.

Bi Mwanahamisi alimkumbatia bibi. "Wallahi, mama, sina la kukulipa."

"Nani amekudai? Mpeleke mtoto akaoge."

Bakari aliziosha mbao zile vizuri ili aturudishie. Bibi akakataa, akamwambia azipigilie misumari hapohapo, kisima kifunikwe, watoto wa ua ule bado ni wengi. Mimi nilinuna. Tulipoingia ndani nilimwuliza sasa atazikwa na nini. Alikuwa akivua kanga yake taratibu, akaniambia kwa miaka yote alizilinda kwa wasiwasi, kila mchwa akimwona kama adui, na leo amepumua. Mungu atakayemfufua, alisema, hatauliza ametoka katika mti gani.

Baada ya hapo alilifungua sanduku lake la nguo. Wajua masanduku yale ya wazee, yanayonuka karafuu na dawa ya nondo, hakuna anayeruhusiwa kutia mkono. Akaanza kutoa. Shuka mpya akampa mwanamke aliyejifungua kule Mikindani, mgeni kutoka bara asiye na ndugu. Kanga mpya, bado zina karatasi za dukani, zikaenda kwa mabinti wa kanisa na kwa majirani vilevile. Hakuwa akitoa kwa kujionyesha, wala hakuwa akitupa. Alichagua nani apewe nini, kama mtu anayefunga mizigo ya safari na kuitanguliza.

Alifariki baada ya uhuru, kwa amani, akazikwa katika mbao za makasha ya bandarini ambazo fundi alijitahidi kuzipiga randa maandishi ya kigeni yakakataa kufutika. Ndugu zetu wengine walikuwa wamekuja wamejiandaa kugombea urithi. Tulilifungua sanduku mbele yao, likawa tupu, limebaki na harufu tu. Shangazi yangu mmoja alilichungulia, kisha akakaa chini akasema kwa unyonge, "Mama alihama zamani." Hakuna aliyegombana siku ile.

Basi mwanangu, ninalokuachia ni hili. Kile kizuri ulichokiweka kwa ajili ya siku yako ya mwisho, kitazame, ujiulize kama hakuna anayekihitaji leo. Mpe mtu angali anaweza kufurahi, nawe ungali unaweza kumwona akifurahi, na usiulize kama ni wa kanisani kwako. Kwa Bwana wetu hatutaulizwa tulihifadhi nini. Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na usingizi usio na hofu, na siku atakapokuita akukute huna kilichofungiwa. Amina.