Ubeti Uliorudishwa

Kwanza niliusikia wimbo. Nilikuwa bado njiani, nyuma ya uwanja wa Gombani, na nyumba ya mwenyekiti wetu ilikuwa imefichwa na ukuta wa matofali ambao mpaka leo hajaumaliza. Kinanda kiliingia, gitaa likafuata, kisha ikaja ile sauti ya kike ambayo kila mtu wa umri wa mama yangu anaijua hapa Pemba, sauti nyembamba inayopanda kama moshi wa ubani. Wimbo huo nimekua nao. Baada ya ubeti wa nne kinanda hupiga mzunguko mmoja, ngoma zikalegea, basi. Siku hiyo kinanda kilipiga mzunguko wake, ngoma hazikulegea, na mwimbaji akavuta pumzi akaendelea.

Nilisimama pale pale, mkono ukutani. Ulikuwa ubeti wa tano. Nilikuwa nimeambiwa kwamba zamani ulikuwapo, lakini sikuwahi kuusikia wala sikutegemea kuusikia, kwa sababu uliondolewa kwa ahadi, na ahadi hiyo ilisomewa Fatiha.

Sitauandika hapa. Nasema mapema ili msomaji asiungojee.

Sisi ni wapenzi wa taarab ya zamani, kikundi kidogo chenye maneno mengi. Siku za wiki tunabishana kwenye simu, Ijumaa baada ya Alasiri tunakutana kwa mwenyekiti, ambaye ni mwalimu wa kompyuta, kijana mwenye chumba cha nje chenye mkeka na spika kubwa kuliko chumba chenyewe. Ijumaa hiyo toleo jipya lilikuwa limefika. Kampuni moja ya nje ilizichukua nyimbo za kikundi cha taarab cha hapa mjini, zile zilizotoka kwenye kaseti wakati mama zetu wakiwa wasichana, ikazisafisha, ikazitia kwenye sahani nyeusi nzito ya santuri pamoja na kijitabu cha picha na nyongeza: mazoezi, vicheko vya wapigaji, na wimbo huo, kwa maneno ya kijitabu, katika ukamilifu wake. Hakuna hata mmoja kati yetu mwenye mashine ya kuipigia sahani. Mwenyekiti aliisimamisha juu ya kabati kama picha ya harusi, akatupigia nyimbo kutoka kwenye simu yake.

Nilipoingia walikuwa wameshaanza.

"Wameikausha," alisema mchuuzi mmoja wa samaki, mtu wa Tumbe, ambaye siku hiyo alikuja na gari lake bado linanuka. "Ule mvumo wa kanda ndio uliokuwa ukinilaza."

"Weye unalala kwenye taarab?" mwenyekiti alimuuliza.

"Nalala kwa raha zangu. Hino hainilazi. Inanikodolea macho."

"Yakhe, masikio yako yamezoea uchafu. Sikiliza gitaa hapo. Kwenye kaseti ulikuwa ukilisikia?"

"Kwenye kaseti nilikuwa nikilisikia kwa moyo."

Walicheka. Mpiga gitaa mwenyewe alikuwapo, ameegemea ukuta, mzee sasa, kikombe cha kahawa mkononi. Yeye ndiye aliyebaki hai katika wapigaji wa zamani, na yeye ndiye aliyewapa wale wageni mkoba wa kanda uliokaa miaka yote juu ya kabati lake. Alikuwa mgeni wa heshima. Mwenyekiti alimgeukia akamuuliza kile ambacho kila mtu alitaka kukijua: kwa nini ubeti wa tano haukuwamo kwenye kaseti?

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema serikali iliukata. Mwingine alisema mwimbaji, Mungu amrehemu, aliusahau siku ya kurekodi. Mpiga gitaa aliwasikiliza wote, akakoroga kahawa ambayo haikuwa na cha kukorogwa, akasema, "Mkanda uliisha, wanangu. Upande ulijaa."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Aliyenilea ni shangazi yangu, mshonaji, hapa hapa Chake. Aliolewa akiwa msichana katika nyumba kubwa, nyumba ya watu wenye mikarafuu, na kabla hata hajazoea funguo za makabati akarudishwa kwao na sanduku lake, kwa kuwa hakushika mimba. Wifi yake ndiye aliyekuwa mwimbaji. Wimbo ulikuwapo kabla ya hapo, wenye beti nne za mapenzi ambazo hazimgusi mtu. Wifi aliongeza wa tano. Hakumtaja kwa jina. Alitaja mwendo wake, sanduku lake, rangi ya mlango aliorudi kuugonga, na tumbo lake. Usiku wa kwanza ulipoimbwa, wanawake waliinuka kwenda kumtunza mwimbaji pesa huku wakigeuka kumtafuta kwa macho. Baada ya hapo wasichana waliuimba bombani, akifika na ndoo yake.

Babu yangu hakwenda kupigana. Alikwenda na wazee wenzake kwenye nyumba ya mazoezi, na baada ya siku nyingi za kwenda na kurudi, wifi alikuja na mama yake, akamwomba shangazi radhi mbele ya kikundi kizima, na wote wakakubaliana kwamba ubeti ule hautaimbwa tena. Ikasomwa Fatiha. Kaseti ilirekodiwa baada ya hapo. Shangazi alinisimulia haya nikiwa mkubwa, siku nilipoupiga wimbo huo nyumbani nikidhani ninamfurahisha. Hakukasirika. Aliusikiliza mpaka mwisho, akaniambia ulikuwa na ubeti mwingine, akaendelea kupiga pindo.

Kwa hiyo kile ambacho kijitabu cha wageni kinakiita wimbo uliopungua, mimi nakijua kuwa ni wimbo uliomalizika. Kazi ya mwisho iliyofanywa juu yake ilikuwa kuondoa, na kuondoa huko kuliwagharimu watu aibu na machozi zaidi kuliko kuutunga. Halafu mtu asiyejua njia ya kwenda Kiuyu akakaa mbele ya mashine zake, akaikuta sauti ya mazoezi ya kabla ya ahadi, akaona amepata lulu.

Ijumaa ile wenzangu walipotoka nilibaki na mwenyekiti. Walikuwa wakipanga hafla katika ukumbi mmoja pale pale Gombani, wanawake upande wao, wanaume upande wao, na wimbo ule ndio ungefunga shughuli. Nilimwomba apige ule wa kaseti.

"Sababu?"

"Ninayo. Siwezi kukupa."

Alicheka. "Haya, mwandishi. Weye mtu akikukatia ukurasa mmoja utalia usikike Wete. Leo unataka mie nimkate marehemu ulimi?"

"Alijikata mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

Huo ndio mtego, na mpaka leo nikiukumbuka meno yananiuma kwa kuyakaza. Ili kumkinga shangazi ilinibidi nimtaje, na nikimtaja nimeshawafanyia kazi yao. Mwenyekiti alinisomea maneno mazuri kuhusu sanaa na ukweli, maneno ambayo mengine nilishayasema mimi mwenyewe mbele ya watu nikapigiwa makofi. Yalitoka kinywani mwake safi kabisa, kama gitaa lile lililosafishwa, bila mvumo wowote nyuma yake wa watu walioishi.

Siku chache baadaye mchuuzi alituma sauti kwenye kikundi chetu cha simu.

"Nimempata," alisema, na nyuma yake zilisikika kelele za mnadani. "Nimempata mwenye ubeti. Yupo hapa hapa kwetu Tumbe, bibi mzima sasa. Zama zile zile aliachwa, akarudi na sanduku, na mlango wa kwao ulikuwa rangi hiyo hiyo. Nimeuliza watu wazima, wanasema basi ndiye, hakuna mwingine."

Nyuso za vicheko zilifuatana kwenye kioo cha simu. Mmoja akasema kweli, hata mwendo wake ni huo. Mwingine akasema sasa ubeti umempata mwenyewe, wamuulize kama anaupenda uliosafishwa au ule wa zamani. Watu hawa ninawajua. Wanasali, wanatembelea wagonjwa, wakimkuta bibi kizee njiani na mzigo wanampokea. Lakini kwao huyu alikuwa nyongeza, kitu kilichokuja bure na sahani.

Niliandika: "Si yeye."

"Basi nani?" mwenyekiti alijibu.

Niliizima simu nikaitupa kitandani.

Shangazi alizisikia habari hizo jikoni kwenye shughuli ya watu, wanawake wanamenya vitunguu na kucheka. Alirudi, akavua buibui, akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga.

"Ubeti umefufuliwa," alisema.

Nikamweleza yote: mkoba wa kanda, kampuni, mpiga gitaa na mkanda wake ulioisha.

"Na huyo wa Tumbe? Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Aliachwa tu zama zile."

"Ana watoto?"

"Ana watoto na wajukuu."

Alitafakari hilo, maana tumbo ndilo lililotukanwa kuliko vyote, na hao mahodari wa kusikiliza hawakusikia hata neno hilo. Waliupenda ubeti pasipo kuusikiliza. Walimbandika utasa mwanamke mwenye wajukuu, ilimradi mlango ulikuwa wa rangi inayofaa.

"Ijumaa n'nakwenda na weye," shangazi alisema.

"Shangazi, tukinyamaza litapita."

"Kwangu litapita, halijaniona. Kwake lishaingia ndani."

Nilibishana naye kwa siku zote zilizobaki. Nilimwambia nitakwenda mimi. Akaniuliza nitasema nini. Sikuwa na la kusema ambalo si jina lake.

Ijumaa tulifika pamoja. Alivaa buibui lake la kutokea, akapiga hodi kama watu wanavyopiga hodi penye msiba, sauti ya chini. Mwenyekiti alifungua akaona bi mkubwa mlangoni, uso ukamng'aa. Alidhani amepata mpenzi mpya wa taarab.

"Karibu, bi mkubwa, karibu ndani. Shikamoo. Wewe tena ndiye tunayekuhitaji, watu waliouona wakati wenyewe. Kaa hapa kwenye kiti. Nikupigie upi?"

"Nipigie huo wenye tano."

Nilimshika mkono. Aliutoa mkono wangu polepole, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Mpiga gitaa alikuwa amemwona. Alijaribu kuinuka, akabaki nusu amekaa nusu amesimama. Wimbo ukapigwa wote. Ubeti wa tano ulipoanza, mchuuzi aliyafumba macho kwa raha na kutikisa kichwa, na mimi nilitamani kuipiga teke ile spika ipasuke. Shangazi alitulia, mikono mapajani, akiusikiliza kama anavyosikiliza maelezo ya mteja kuhusu nguo.

Wimbo ulipokwisha alisema, "Hapo nimesemwa mie. Si yule wa Tumbe."

Mchuuzi alifumbua macho akayaelekeza kwenye mkeka.

"Ulitolewa kwa sulhu, ndani ya nyumba ya mazoezi," aliendelea. "Marehemu aliniomba radhi, nikampa, na sijaichukua tena. Huyu alikuwapo." Alimgeukia mpiga gitaa. "Weye ulikaa karibu na mlango. Mikono uliinua."

"Bi mkubwa, niliwapa mkoba mzima," alisema. "Sikujua watatoa nini."

"Na hawa walipokuuliza sababu?"

Mzee alivuta kofia yake mpaka machoni. Sikumhurumia.

Hapo mwenyekiti akafanya jambo ambalo sijamsamehe. Aliinua simu yake, taratibu, kwa adabu zote, akaielekeza kwenye uso wa shangazi. "Bi mkubwa, samahani sana," alisema. "Hino ni historia. Ungetueleza kidogo tu, kwa sauti yako, tukawapelekea wale wa kampuni. Wakitoa toleo la pili waitie."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa ameguswa kweli. Hilo ndilo lililonitia wazimu: aliguswa, na alichokiona mbele yake bado kilikuwa nyongeza nyingine. Nilimwambia aizime kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, na mchuuzi akanishika bega, nikamsukuma. Spika ilianguka kifudifudi.

"Mwache," shangazi aliniambia. Kisha akamwambia mwenyekiti, "Simu unayo mkononi. Andika. Kwenye hicho kikundi chenu, mlikomsema yule wa Tumbe."

"Niandike nini, bi mkubwa?"

"Kuwa si yeye. Na kuwa ni mie. Jina langu lote, na la baba."

Alimtajia. Mwenyekiti aliandika kwa vidole viwili, akifuta na kurudia, na chumba kizima kilimngoja. Shangazi akamwambia asome. Akasoma. Akamwambia aitume. Simu zetu zote zikalia kwa pamoja, mifukoni na juu ya mkeka, hata yangu.

"Hafla tutapiga wa kaseti," mwenyekiti alisema, kwa sauti ndogo.

"Pigeni mtakao," shangazi alisema. "Sasa mnajua mnampigia nani."

Niliinuka ili nitoke naye. Alinizuia kwa kiganja.

"Weye baki. Wakiifuta, iandike tena."

Alivuta buibui lake mbele, akaingiza miguu kwenye ndara zake pale kizingitini, kwanza mmoja, kisha wa pili, hana haraka. Mlango wa chumba kile ni wa bati na kila mtu akitoka huuachia ukapiga kishindo. Yeye aliushikilia kwa nje mpaka ukakaa mahali pake, kisha nikasikia kitasa kikishika taratibu.