Daftari la Sukari Alilonijazia Mke Wangu

Hii naandika mwenyewe, herufi kubwa kama za ukuta wa duka, maana shule niliishia darasa la pili na macho nayo sukari imeyatia ukungu. Mnivumilie.

Alikuja nyumbani kwetu Bombolulu binti mmoja wa bara, daktari, lakini si wa sindano. Alikuwa amesoma mpaka akapewa udaktari wa vitabu, kisha akarudi kusoma tena, na safari hii alichokuwa akisoma ni sisi wenye sukari: tunaishije na watu, na moyoni tuna nini. Akanipa daftari. Kila jioni niandike nimekula nini, kipi kimenilemea, nani kanisaidia na nani kanikwaza.

Sasa mistari ya daftari lile ilikuwa myembamba kama nywele. Nikafanya kosa, nikampa mke wangu aniandikie.

Mke wangu ndiye askari wangu. Alipita duka kwa duka mpaka mtaa wa Ziwa la Ng'ombe kuwakataza watu wasiniuzie kitu kitamu. Muuza mahamri akiniona naja, anafunika beseni. "Mzee, leta barua ya mama," ananiambia, na wateja wanacheka. Mimi huyu, niliyekata mawe Mwakirunge miaka thelathini, na jioni napiga pombe yangu ya mnazi bila kuulizwa na mtu! Machimbo yale tulishuka pekupeku, bwana, jiwe la moto, na nyayo hazisemi kitu. Lakini nimetoka nje ya hadithi.

Jioni mke wangu anavaa miwani. "Nani kakukwaza leo?"

"Andika hakuna."

"Hakuna? Na mimi niliyekupokonya soda mbele ya mchungaji?"

"Wewe ulinisaidia."

"Haya. Na moyoni?"

"Andika mtulivu."

Siku zote mtulivu. Na wakati huo chini ya mguu nina kidonda. Kokoto iliingia kwenye ndara nami nisiisikie, nyayo zimekufa ganzi. Nilijua nilipoona ndara imelowa damu. Nikafunga kitambaa, nikavaa soksi.

"Soksi na joto hili?"

"Baridi ya uzee, mama watoto."

Mwenzangu mmoja wa machimboni alianza hivyohivyo. Akakatwa mguu hapa gotini, na tangu hapo anashinda kitandani akigeuzwa. Nikisema, nitakatwa, au nitafungiwa ndani kabisa. Nisiposema, naoza. Nililala na hilo, nikaamka na hilo.

Mwezi uliofuata binti akarudi, akaketi nasi kibarazani, akafunua kurasa. "Babu, watu wangu wote wana malalamiko isipokuwa wewe. Naomba tuzungumze wawili tu."

"Wawili?" mke wangu akadakia. "Mgeni, sukari ya huyu naijua mimi kuliko yeye. Uliza hapahapa."

Binti wa watu angefanya nini? Humwondoi mwenye nyumba kwenye kibaraza chake. Akauliza swali lake la mwisho: jambo gani sijamwambia mtu yeyote?

Mke wangu alishashika kalamu, kwa mazoea tu. Mimi tangu asubuhi nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya mguu wangu mwenyewe.

"Andika," nikasema. "Nina kidonda chini ya mguu."

Akaandika "nina". Kalamu ikasimama. "Mguu upi?"

"Wa kushoto."

Akaandika yote mpaka mwisho, na neno kushoto akaliandika. Kisha akapiga magoti, akaivuta soksi, mbele ya mgeni.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisimama barabarani akaita tuktuk, nikapakiwa katikati, huyu huku na yule kule, kila mmoja kanishika mkono. Binti analia na daftari langu mapajani. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda.

Hospitali walikata kidole kimoja cha mguu. Mguu ninao, ila nikitaka kwenda nao popote, hata chooni, lazima niage, na kabla ya kuruhusiwa ugeuzwe juu, ukaguliwe unyayo.