Grisi ya Fundi Ajaye

Saa mbili asubuhi, Donatienne Nabintu ameinama juu ya pikipiki ya maji iliyofunguliwa mgongo. Anasugua shafti kwa kitambaa kikavu, anapitisha kidole, anakinusa, anasugua tena. Kopo la grisi liko pembeni, limefunikwa.

"Hapa hapana grisi," anasema bila kuinua uso. "Fasi ingine yote, ndiyo. Hapa, hapana."

Mgeni angedhani ni usafi tu. Kumbe kipande hicho cha shafti, kisichozidi kidole gumba, kiangazi hiki nusura kimrudishe alikotoka.

Alikotoka si Bukavu. Bukavu aliiacha mwaka 1996 vita vilipoingia mjini, bintiye Carmel akiwa mgongoni. Alikotoka ni nyuma ya karakana hii hii ya boti, ufukweni Scarborough, Kanada, ambako kwa misimu miwili alikwangua ukoga chini ya boti za watu kwa dola saba kwa saa. Fundi alikuwa, lakini nani angejua? Vyeti hana, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji.

Ufundi alifunzwa na mjomba wake, aliyetengeneza injini za boti zinazovusha watu Ziwa Kivu hadi kisiwa cha Idjwi. Mjomba alikuwa na sheria moja: usifunge chuma bila kukipaka grisi. Unyevu wa ziwa hula kila kitu, na fundi atakayekuja kufungua baadaye atakulaani.

"Kwetu, ukifunga moteri unafikiria mwenye atakuya kuifungua," anasema. "Ile ni heshima."

Heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwanzoni mwa msimu huu wa 1999, Melissa, mwanamke wa Kikanada mwenye karakana, alimpa meza ya ufundi kwa majaribio. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa pikipiki ya maji ya Shaun Kangethe, Mkenya wa mtaa wa Agincourt anayeshinda kwenye kompyuta juma zima ili Jumamosi akajirushe mawimbini. Kangethe alitaka mwendo. Kichwa cha injini kikachongwa ili kibane petroli kwa nguvu zaidi, na flaiwili, lile gurudumu la mwisho wa shafti linaloamuru cheche itoke lini, ikabadilishwa ikawekwa nyepesi zaidi. Donatienne aliifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo balaa likaanza. Karakanani injini iliimba. Kwenye maji matulivu ilipaa. Ikikutana na mawimbi, ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo, kisha kimya. Pistoni imetoboka.

Mara ya kwanza walilaumu petroli. Mara ya pili, pistoni ilipotoboka mapema zaidi, walilaumu kabureta. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, Donatienne aliipima kila mara kwa taa inayomulika alama ya flaiwili injini ikizunguka, na alama ilikaa mahali pake, haikuhama hata unywele. Basi flaiwili ikaachwa, haikuguswa. Melissa naye akasema wazi kwamba pistoni ya tatu ikitoboka, meza itapewa mtu mwingine na Donatienne atarudi kwenye brashi. Mashindano ya Ziwa Simcoe, ambayo Kangethe alikusudia kushiriki, yalikuwa Jumamosi hiyo.

Alikuwa akila ugali wake wa mchana alipojiuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Alama iko wapi? Kwenye flaiwili. Sumaku inayoamuru cheche iko wapi? Kwenye flaiwili hiyo hiyo. Ikihama kwenye shafti, vyote viwili vinahama pamoja, na taa itaendelea kusema mambo ni shwari. Ni sawa na kumwuliza mwizi kama ameiba.

Akauacha ugali. Alitoa plagi, akaingiza kwenye tundu lake geji, kipimo cha kuonyesha pistoni ilipo, akazungusha injini kwa mkono hadi pistoni ikafika juu kabisa. Alama ilikuwa imepitiliza kwa upana wa ukucha. Cheche ilikuwa inawahi, na moto unaikuta pistoni ingali inapanda, unaipiga utosini.

Flaiwili, ambayo kwa kawaida haing'oki bila kubembelezwa kwa nyundo, ilichomoka kirahisi. Chini yake shafti iling'aa kwa grisi, na pale ni msuguano wa chuma kikavu unaoishika flaiwili. Kila Kangethe alipotua kutoka kwenye wimbi, maji yalipunguza mwendo wa shafti ghafla, na flaiwili ikateleza mbele kidogo, ikiitafuna kabari ndogo inayoipanga mahali pake.

Angeweza kufuta na kufunga kimyakimya. Nani angejua? Badala yake alimwita Melissa, akamwonyesha, akamwambia kwa Kiingereza kile kile cha kuombea maji kwamba grisi ni yake, na pistoni zote mbili ni zake. Melissa alitazama shafti, akatazama kopo, akauliza kama Jumamosi inawezekana.

"Nikamuambia yes," anasema Donatienne. "Kisha nikaenda ku choo, nikalia kidogo, nikarudia kutumika kazi."

Alikausha shafti, akaisaga pamoja na flaiwili hadi zikaumana, akaweka kabari mpya na kukaza nati barabara. Cheche akaichelewesha kidogo, maana kichwa kilichochongwa hakitaki haraka. Alama mpya aliichora kwa kufuata pistoni yenyewe.

Jumamosi ziwa lilichafuka. Kangethe aliruka, akatua, akaruka tena, na injini ikalia sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Alimaliza wa kwanza. Donatienne alipiga vigelegele hadi Wazungu wa ufukweni wakageuka.

"Mama Carmel, hii kitu imekubali," Kangethe alimwambia akimvalisha medali. "Shika, ni yako. Mimi nilikuwa abiria tu."

Jumatatu yake jina la Donatienne lilipakwa rangi juu ya meza. Alimpigia simu mjomba wake akamsimulia kisa cha grisi, naye akasema kumbe ndiyo maana zile injini za mwendo mkali zilikuwa zikimsumbua. Walicheka hadi kadi ya simu ikaisha.

Msimu ujao Donatienne anataka kushindana mwenyewe, na Kangethe ameahidi kumwazima mashine. Kuna kikwazo kimoja: yeye, mtoto wa ziwani, hajui kuogelea. Ameshajiandikisha kwenye bwawa la mtaa, darasa moja na Carmel.

"Moteri nimeshaiamini," anasema, akikunja kitambaa chake. "Inabakia miye."