Pumzi Iliyopoteza Njia Salamabila

Saa mbili asubuhi, Salamabila, mji wa machimbo ya dahabu mashariki mwa Kongo. Alimasi Kamaldine ameinamia karatasi ngumu iliyokunjwa kama mfereji. Ndani yake kuna unga wa dahabu na mchanga mweusi. Mchanga unatakiwa uruke, dahabu ibaki. Anavuta pumzi, anapuliza. Vyote vinaruka.

"Wacha, baba," anasema Mama Victorine, mnunuzi wa dahabu, akiivuta karatasi. "Hii ni jasho ya watu."

Wachimbaji walioketi kwenye benchi wanacheka. "Dokta alimupa meno ya kula," anasema mmoja wao, Kadogo, "akamunyang'anya mudomo wa kutafutia."

Alimasi, miaka 26, alizaliwa Kasongo akiwa na mdomo wa sungura, uliopasuka juu. Ulishonwa utotoni, lakini taya la juu lilidumaa. Meno ya chini yakatangulia ya juu, na mbele kukabaki mwanya. Kula kulikuwa taabu. Lakini katika mwanya huo pumzi ilitoka nyembamba kama uzi, na kwa miaka sita hapakutokea mpulizaji wa dahabu wa kumfikia. Alipata faranga elfu kumi na tano kwa siku.

Mwaka jana alikwenda Bukavu. Madaktari walilikata taya la juu, wakalisogeza mbele. Meno yakakutana, mwanya ukafa.

"Nilisema nitarudi mutu kamili," anasimulia.

Mfupa ulisogea milimita nane. Mdomo, milimita nne tu. Kovu la utotoni limeukaza kama ngozi ya ngoma, na pua imetanuka. Pumzi sasa inatoka imetapakaa.

"Dokta alisema mufupa unasikia, kovu haisikii. Hakuniuliza niko nafanya kazi gani. Na mie sikumuambia. Nani anaweza kumueleza dokta habari ya kupuliza?"

Siku hizi anafagia ua wa Mama Victorine kwa faranga elfu tatu kwa siku; karatasi hupewa kwa majaribio tu. Vumbi la fagio huoshwa kwenye karai, kwa sababu lina dahabu aliyoirusha mwenyewe.

"Alimasi ni kama mutoto wangu," anasema Mama Victorine, "lakini mizani haina mutoto. Jumamosi nitamupa karatasi mara ya mwisho. Akishindwa, kiti ya mupulizaji ni ya Héritier, kijana anayeingojea."

Alimasi anaguguna hindi la kuchoma, jambo ambalo zamani hakuliweza. "Sasa natafuna muhindi bila maumivu," anasema. "Muhindi wenyewe utatoka wapi?"

Mchana, nyuma ya nyumba, anajifunza upya. Anaweka mchele uliotwangwa kwenye karatasi, anapuliza pumba. Mchele unaifuata pumba chini, na dada yake Latifa anachutama kuuokota.

"Kaka, ukiumwaga wote tutakula nini?"

 Alimasi anahesabu punje zilizobaki kwenye karatasi: nne.

"Juzi zilibaki punje mbili," anasema. "Leo ziko ine."

Anaikunja karatasi tena. Kesho ni Jumamosi.