Udhuru wa Mwanapili

Mwanapili hakula kama watu walivyodhani, na hilo lilimuuma kuliko magoti. Asubuhi mkate mmoja mwembamba wa anjera na chai, mchana wali kidogo na samaki, na usiku mara nyingi alilala bila kitu kwa sababu kula peke yake kulimchosha. Lakini nani angemwamini, na tumbo limemtangulia kila anapoingia mlangoni? Mtaani kwake Kismayo walimsifu. Walisema amenawiri, kwamba mwanawe Faris aliyeko Mombasa anamtunza mama yake kweli kweli. Sifa gani hizo. Faris alipiga simu kila Ijumaa, basi.

Kisiwani Chovai, alikozaliwa, alikuwa mwanamke wa miguu. Bahari ikitoka alishuka mwambani na dada yake Khamisa kuchokora pweza, na wakirudi kuna maji ya kuteka na nafaka ya kutwanga. Hata alipoolewa mjini hakukaa chini, maana nyumba yenye watoto haikalishi mtu. Kisha mume akafariki, watoto wakatawanyika, maji yakawa yanaletwa mlangoni kwa gari la punda, naye akabaki kizingitini akiuza bajia. Hedhi ikakata. Likaja joto la kumzindua usiku akiwa ameloa jasho, na hakuna wa kumwambia.

Muuguzi mmoja, Hodan, alimweleza bila kumcheka. Alisema mwanamke akifika umri huo mafuta huhama nyonga yakakaa tumboni, misuli hupungua, na mwili hautumii tena chakula kama zamani, hata kama sahani ni ile ile. Usingizi mbovu huleta hamu ya vitu vitamu, kukaa kutwa nako kuna sehemu yake, na chai ya sukari ya kutuliza upweke nayo ni chakula. Akamshauri apunguze sukari na atembee asubuhi. Mwanapili alitembea siku chache. Kila aliyekutana naye alimuuliza anakwenda wapi, na kwa kuwa hakuwa anakwenda popote, aliona haya akaacha.

Aibu kubwa ilikuwa imekwisha kumpata ufukweni. Alikuwa anakwenda Chovai kwa dada yake. Boti za visiwani hazina ngazi. Unaingia majini mpaka kiunoni, unashika ukingo, unajirusha ndani. Zamani alijirusha na kapu kichwani. Siku ile alijivuta, akateleza, akajivuta tena. Wapagazi wawili wakaja, mmoja akamvuta mikono na mwingine akamsukuma kwa chini, na abiria mmoja akacheka. Mwanapili akawaambia wamwache. Alirudi nyumbani ameloa, akampigia Khamisa simu akamwambia ana homa.

Tangu hapo homa ile haikupona. Kila Idi ilirudi, na isiporudi homa, palikuja mgeni au bahari ilichafuka. Jambo la ajabu ni kwamba Khamisa naye, aliyekuwa haachi kuja mjini, akawa na udhuru wake: mbuzi, kuku, paa linalovuja. Walizungumza kwa simu karibu kila siku na kuulizana habari za dunia nzima. Mara moja tu Khamisa aliuliza, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, kama mji umemnenepesha.

"Niko vile vile," Mwanapili alisema.

Khamisa akaanza habari za mbuzi. Mwanapili alifurahi kwamba yamepita salama.

Asubuhi moja simu iliita, na aliyepiga hakuwa Khamisa. Alikuwa Ummi, jirani wa Khamisa kisiwani. Presha ilipanda, Khamisa akaanguka jikoni, na hakuamka. Wangemngoja Mwanapili mpaka alasiri, ndipo wazike.

Ufukweni hakuchagua wa kumshika. Walimvuta, wakamsukuma, akaangukia ndani kifudifudi, akajifuta uso. Hakuna aliyecheka, na hata wangecheka asingesikia. Ilikwisha haraka, na njia nzima alilia kwa hilo: kumbe ilikuwa kazi ndogo namna ile.

Chovai walimwingiza moja kwa moja kwenye chumba cha kuoshea. Khamisa alilazwa kitandani amefunikwa shuka, na Mwanapili aliposhika kopo la maji alisita, kwa kuwa shuka lile lilikuwa limeinuka mno katikati. Dada yake aliyemkumbuka alikuwa na mbavu za kuhesabika. Alifunga kitambaa mkononi, akaupitisha mkono chini ya shuka kama ilivyo desturi, na mkono ukalitambua lile tumbo papo hapo. Lilikuwa kama lake.

"Alikuwa akiona haya mchu amwone," Ummi alisema taratibu, kwa lafudhi ya kisiwani. "Mjini hakuya tena kwa sababu hiyo. Alikuwa akisema wewe umebaki mwepesi vile vile, umemwambia mwenyewe kwa kinywa chako."

Mwanapili alikuwa ameyaacha maji yakimwagika sakafuni.

"Nilimdanganya," alisema.

Ummi akalishika kopo lisianguke, akamrudishia mkononi, akamwambia aendelee na upande wa kulia, kwani wanaume walikuwa wanangoja nje.