Kikuba Kilichobaki Kikapuni

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na hakika kwamba nina shetani. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesema dari inavuja: jambo la kutengenezwa tu, fundi akipatikana. Na fundi alikuwa amekwisha kumpata, ng'ambo ya Likoni, mtu wa kupunga mashetani kwa ngoma na mafusho.

"Msichana mkubwa mzima," alimwambia mama mbele yangu, "atumwa chumvi, arudi na pini za nywele. Chungu chaungua naye yuko papo hapo, akitazama. Huyu ni wa kupelekwa shule au ni wa kupungwa?"

Ya chumvi yalikuwa kweli. Ya chungu pia. Darasani nilisikia feni, kunguru, kalamu ya jirani na honi ya meli kule Kilindini, vyote kwa nguvu ile ile ya sauti ya mwalimu, wala sikuwa na njia ya kukinyamazisha kimoja ili kingine kisikike. Mwaka jana, nikiwa mtu mzima, daktari mmoja aliniuliza maswali asubuhi nzima kisha akaipa hali hiyo jina, herufi nne za Kiingereza: ADHD. Akasema umakini ninao, tena mwingi, ila mlangoni hakuna bawabu wa kuchagua kipi kiingie. Alinisogezea kitambaa, akidhani nitalia. Mimi nilitaka kuvuka feri nikamwambie yule fundi wa ngoma.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka kumi na sita, herufi hizo hazikuwa zimefika nyumbani kwetu. Kulikuwa na ngoma tu. Na dada yangu alikuwa anaolewa.

Kwetu Mji wa Kale, wanawake hawaalikwi harusi kwa kadi. Kadi huletwa, zikapokewa, zikawekwa juu ya kabati. Lakini hakuna mama anayejiona amealikwa mpaka mtu aje kwa miguu yake, abishe hodi, aseme kwa mdomo wake. Nyumba ikirukwa, hata kwa bahati mbaya, ni tusi, na watu hununiana miaka. Ndiyo maana kazi hii ina mwenyewe, mwalishi. Wa kwetu aliteguka mguu siku chache kabla ya kupamba, usiku wa kumrembesha bibi harusi mbele ya wanawake.

"Nitaalika mimi," nikasema.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso aliyojitanda. "Wewe? Utaalika paka wa mtaa mzima!"

Mama hakucheka. Alinitazama, uso wake umechoka. "Haya. Ukialika nyumba zote, hadithi ya ngoma ife, na shule zikifunguliwa urudi. Ukiruka hata moja, utafuatana na shangazi yako Likoni, na sitaki neno."

Shangazi akanikalisha mkekani. "Tulia. Nitakutajia nyumba, nawe unitajie." Nilitulia kama nilivyoambiwa, na kwa sababu nilitulia sikusikia kitu. Nyumba ya tatu ilipotajwa, mimi nilikuwa darini na njiwa.

"Waona?" akamwambia mama.

Mama alikuwa na sinia la asumini na majani ya rehani mapajani, akifunga vikuba, vile vishada vidogo ambavyo wanawake huchomeka kifuani. Nikavuta uzi, nikaanza kumsaidia, kwa hasira tu, ili nisimtazame shangazi. Mama akaendelea kutaja nyumba kama anayejisemea. Na maneno yakaingia. Mikono yangu ikiwa na kazi, masikio hufunguka. Sijui kwa nini, na siku hizi sijali kujua. Kila alipotaja nyumba, nilifunga kikuba kimoja nikakitia kikapuni.

"Hivi ndivyo nitakavyokwenda," nikasema. "Kila nyumba na chake. Kikapu kikiwa kitupu, nimemaliza."

"Asumini ni za siku ya kupamba!" shangazi akafoka. "Nani alikwisha kuona mwalishi na maua, kama mchuuzi?"

"Wataona leo."

Mama alitaja nyumba ya mwisho kwa sauti ya chini. "Na pale Biashara Street, ghorofani, juu ya duka la leso." Hapo aliishi shoga yake wa utotoni. Walikuwa hawasemezani tangu harusi ya mjomba, ambayo mama ndiye aliyekuwa mwenye shughuli na shoga huyo hakutokea. Shangazi aliinuka ghafla kwenda kutazama jiko ambalo halikuwa na kitu.

Nikatoka baada ya alasiri. Hodi, karibu, mama awasalimu, awaalika nyumba nzima, kupamba ni Jumamosi baada ya isha. Wanawake walikinusa kikuba, wakacheka, wakaniita bibi harusi mdogo. Miguu ikienda, kichwa nacho kilikwenda. Sijawahi kuwa na jioni nzuri kama ile, na huo ndio ulikuwa mtego wake.

Nilipokaribia kwetu, kikapuni kilibaki kikuba kimoja.

Nilijaribu kuzitaja nyumba kwa mpango, kama shangazi alivyotaka. Zikapukutika zote. Ningeweza kukitupa kile kikuba kwenye mfereji, nikaingia na kikapu kitupu. Badala yake niliketi kwenye baraza ya nyumba ya watu, nikajiuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa wema: ulisimama kutazama nini?

Hilo nililijua lote. Fundi aliyekuwa akikwangua rangi mlangoni kwa kipande cha kioo, chini ya kijani ikatokea buluu. Lakini mwenye mlango ule nilimpa chake, alikinusa akapiga chafya. Kasuku aliyekuwa akimtukana mtu wa maji. Mwenye kasuku naye nilimpa chake. Halafu Biashara Street, robota jipya la leso lilipokatwa kamba mbele yangu. Nilikumbuka kila rangi iliyotoka: ya zambarau yenye michoro ya korosho pembeni, ya kahawia, nyekundu iliyoiva kama pilipili. Nilikumbuka mkono wa mwenye duka ukizikunjua. Ngazi ya kupanda ghorofani sikuikumbuka. Nilisimama mlangoni pa duka, nikashangilia leso, nikaenda zangu.

Nikarudi mbio, buibui limeshikwa mkononi.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

Nikasema ni mtoto wa nani. Mlango ukafunguliwa nusu. "Yule msahaulifu?"

"Ndiye mimi." Nikatoa maneno ya mwaliko, pumzi juu juu, nikampa kikuba.

"Na hiki?"

"Kila nyumba ina chake. Chako kilibaki, kikanirudisha."

"Kwa hiyo uliniruka."

"Nilikuruka. Nimerudi."

Akakinusa, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekiweka siku nyingi. "Mwanangu, harusi ile ya mjomba wako, aliyekuwa akialika ni shangazi yako. Kichwa chake kizima kama jiwe. Aliniruka, akamwambia mama yako alibisha hodi na mimi nikakataa kufungua. Nilikuja kuyasikia baadaye kwa watu, nami nikaona haya kujieleza. Na hakuna aliyempigia yeye ngoma." Akakichomeka kikuba kifuani. "Mwambie mama yako nitakuja mapema, nimpambe mwanawe. Na shangazi yako msalimie. Msalimie sana. Mwambie mlango wangu hodi huisikia."

Nilimkuta shangazi barazani, akitafuna tambuu, mama nyuma yake.

"Haya, tuambie. Umeruka ngapi?"

"Moja. Nikairudia."

"Wasikia?" akamgeukia mama. "Ameruka! Mwenyewe akiri!"

"Ni ile ya juu ya duka la leso," nikasema. "Atakuja mapema, kumpamba dada. Na wewe shangazi akusalimu. Asema sana. Asema mlango wake hodi huisikia."

Taya la shangazi likasimama. Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye tena, na safari hii hakuondoa macho. Akakichukua kikapu mkononi mwangu, akakipindua. Likaanguka jani moja la rehani.

"Wifi," akasema taratibu, "huko Likoni utakwenda peke yako."