Mtaa Aliouchora Severini

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya ujumbe mfupi wa sauti kutoka Bujumbura. "Tantine Halima," alisema Kristina, binti wa Severini, "maji imefika kwa mulango na Baba anakataa kuhama. Mi hanisikie tena. Njoo umwambie we."

Severini na mimi tulisomea upangaji miji Bulgaria, enzi za ujamaa, Waafrika wawili katika darasa zima. Yeye alirudi kwao kupanga nyumba za wafanyakazi. Mimi nikarudi kuchora vijiji. Hatukuonana tena, tuliandikiana tu. Sasa nimestaafu, ni mjane, na siku ya kuondoka hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Hadi Kigoma nilipanda treni. Kutoka hapo basi lilivuka mpaka wa Burundi pale Manyovu, likafuata ziwa upande wa kushoto. Abiria wa pembeni yangu alishuka Rumonge bila kuaga.

Saa kumi alasiri Kristina alinipokea Bujumbura. Tulichukua teksi barabara ya Gatumba, lakini dereva alikataa kuingia mtaani. Tukavua viatu.

Mistari ilikuwa imenyooka, nyumba pacha za matofali, shule katikati ili mtoto yeyote asivuke barabara kubwa. Niliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wa rafiki. Lakini mabati na milango vilikwisha kung'olewa na waliohama. Waliobaki kuzungumza ni vyura.

Severini alikuwa kibarazani, amekaa juu ya meza.

"Dada Halima, umezeeka."

"Na wewe umelowa."

Alicheka kidogo. Tulipokwisha kunywa chai, akasema, "Wakulima ya hapa waliniambia muto ikijaa inalalaka huku. Niliandika. Mukubwa akasema plani inataka nyumba zote ziishe mwaka huu. Nikasaini. Sasa mi nitoke namna gani?"

Nikamweleza nisilowahi kumweleza mtu: kijiji nilichokichora mbali na kisima, wanawake wakibeba ndoo miaka na miaka, nami nikapongezwa. Alinisikiliza. Hakuinuka.

Asubuhi nilitembea kuona nani mwingine amebaki. Nyumba moja tu ilitoa moshi. Ndani, kitanda kikiwa kimeinuliwa kwa matofali, Mama Zaituni, mjane mshonaji, alikuwa akipika. Nikamuuliza mbona hajahama.

"Ningehama, mama. Lakini Muzee mwenye kuchora mutaa iko palepale. Yeye anajua maji. Akitoka, na mi natoka."

Nilirudi nikamwambia Severini neno kwa neno.

"Zaituni alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akashuka mezani, akakunja suruali, akaenda mwenyewe. Nikamfuata, nikamsikia mlangoni kwa Mama Zaituni: "Zaituni, funga vitu yako. Mi sijue maji. Niliambiwa na sikusikia."

Adhuhuri tulitoka wote, cherehani kichwani kwa Kristina. Mama Zaituni alikwenda kwa dada yake mlimani. Severini kwenye chumba cha Kristina, mtaa wa Buyenzi.

Siku ya kurudi alinisindikiza stendi. "Tutaonana?" akauliza. Nikapanda basi. Sisi wawili tunajua kupima umbali.

Nipo nyumbani, madirisha wazi, hapana sauti. Nilichojifunza ni hiki: Severini aliitunza aibu yake kama jambo lake peke yake, na mjane wa watu nusura azame nayo. Yangu pia nimeitunza hivyo. Keshokutwa nakwenda kule kijijini kusema. Sijui kama nitamkuta yeyote wa kumwambia.